Fimbo za Mtu wa Mlimani

Jua lilikuwa linazama, na mjane wa duka la vifaa vya uwindaji alikuwa ameshafunga bawa moja la mlango, mteja alipoingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, ila nafunga."

Alikuwa mtu mrefu, koti limelowa chapachapa. Mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima. Alinuka udongo mbichi.

"Nataka fimbo za kutembelea mlimani, jozi moja. Ziwe nyepesi, lakini imara. Mwenyewe ni mwindaji, goti lake moja limekufa."

Mama akatoa jozi ya alumini, akaivuta urefu, akakaza vibano, akaiegemea kwa uzito wake wote.

"Hizi hupinda, hazikatiki. Unanyoosha kwenye jiwe, unaendelea na safari. Zile za kaboni ni unyoya mkononi, ila zikigonga mwamba kwa ubavu, basi tena. Anakwenda kuwinda upande gani?"

"Haendi. Anarudi."

Mama akacheka kidogo, kwa adabu. "Ni mzito?"

"Alikuwa. Siku hizi amepungua sana."

"Na urefu wake?"

Mgeni akainama. Sauti ikashuka.

"Kasema mkewe anakijua kipimo chake."

Mama akakiachia kibano.

Mumewe alikuwa ameporomokea bondeni huko juu, mwaka wa pili sasa. Wenzake walimtafuta, wakarudi na kiatu kimoja. Mji mzima ulilia naye. Hakuna aliyemuuliza mama kwa nini siku ya matanga alikuwa na jino pungufu. Kwa kupiga, mkono wa mwanamume yule ulikuwa mwepesi kuliko bidhaa yoyote dukani. Tangu afe, mkewe alikuwa analala usingizi wa watu.

"Kasema amekukumbuka..."

Mama akairudisha alumini rafuni. Nyuma ya pazia kulikuwa na jozi ya kaboni iliyorudishwa na mteja. Moja ilikuwa na ufa chini ya mshikio, mwembamba kama unywele. Alikuwa ameiweka ya kutupa.

Akaifuta vizuri.

"Mpelekee hizi. Ndizo nyepesi kuliko zote."

"Hazivunjiki?"

"Hazivunjiki."

Giza lilipoingia, akazisikia kutoka mlimani.

Tok... tok... tok...

Zikashuka. Zikakaribia mashamba ya juu.

Tok... tok...

Pah!

Mawe yakaporomoka. Ukelele mrefu. Kisha kimya.

Mama alicheka peke yake gizani, kiganja mdomoni, mpaka machozi yakamtoka.

Kesho yake, magharibi, mgeni akarudi. Koti bado lilikuwa linachuruzika.

"Moja imevunjika," alisema.

"Pole yake."

"Ameanguka tena, hata goti la pili limekwenda. Lakini hajakasirika, mama. Amefurahi." Mgeni akanong'ona, kama anayeleta habari njema. "Kasema, kumbe bado unamjua."

Mama akaipanga upya alumini rafuni.

"Kasema hiyo moja iliyobaki inamtosha. Atakuja polepole."

Akatoka. Sakafuni hakuacha hata tone.

Mama akauangalia mlango wa nyuma, na njia iendayo stendi. Kisha akavuta kiti, akakaa. Kukimbia, alikwisha kukimbia miaka mingi, ndani ya nyumba ya vyumba viwili.

Huko juu... tok.

Kimya kirefu. Kitu kikaburuzwa juu ya changarawe.

Tok.