Michirizi ya Swabra

Soko la Gitega, Burundi, siku hiyo lilifurika watu, na Swabra alikuwa na haraka zake. Alivaa dera la zambarau na mtandio mweupe, kifuani amekumbatia chupa ya mafuta ya parachichi ambayo muuzaji aliapa kwamba inafuta kila alama ya uzazi. Kizibo kilikuwa kibovu. Alipopita mbele ya kibanda cha Uthmani, fundi bati, mafuta yakamwagikia funeli zake mpya.

"Yebabawe! Mama, unakaanga funeli zangu?"

"Jamani kaka, nisamehe. Nitazifuta."

"Acha tu. We si wa hapa. Unaongea kama redio!"

"Nimekulia Kigoma, sasa nakaa Muyinga. Na wewe unaongea kama umekabwa na Kifaransa."

Uthmani alicheka mpaka nyundo ikamponyoka. Akamtengenezea kizibo cha bati palepale, akakataa malipo, akaomba namba. Swabra akampa. Alijiambia ni kwa ajili ya kizibo, ila tusidanganyane: lile cheko lilikuwa limeshamwingia.

Simu zikaanza. Asubuhi Uthmani aliuliza hali ya mapacha, Bukuru na Butoyi, ambao Swabra aliachiwa na mume aliyempa talaka akaenda zake mara tu walipozaliwa. Jioni alipiga tena, hana hata la kusema.

"Rukundo rwanje, mpenzi wangu, mi nilitaka kusikia redio yangu tu."

Haukupita muda akaomba amuoe.

Swabra alimpenda, tena sana. Lakini yule mume wa kwanza, kabla hajaondoka, alimtazama tumbo akasema, "Funika hiyo ramani." Neno hilo halikumtoka. Kila asubuhi alivuta pazia, akapaka mafuta, akajikagua. Muuguzi alishamwambia michirizi itafifia yenyewe lakini haitaisha yote, naye hakutaka kusikia. Aliogopa kuonekana, kisha kuachwa mara ya pili.

"Nivumilie, mpenzi," akamwambia Uthmani kwenye simu. "Kwanza nitibu michirizi."

Sasa sikilizeni balaa. Kwa Uthmani, alama za tumbo ni verjetiri, kama wasemavyo kwao. Michirizi ni maji ya mvua yanayopenya bati na kuchora ukuta.

"Na haukuniambia? Iko wapi?"

"Pande zote mbili. Tangu nizae mapacha."

"Sheri wangu, hiyo ndiyo kazi yangu! Wamama wangapi hapa Gitega nimeshawatengenezea! Napitisha tu mkono, najua shida iko wapi."

"Wanawake wangapi, Uthmani?"

"Aa, mi sihesabu. Na kama yako imezeeka sana, tunatupa yote, tunaweka mpya."

Swabra akakata simu, akaizima, akalia na mtandio mdomoni ili watoto wasisikie. Kumbe ni malaya! Na tena anataka kutupa!

Uthmani alipiga weee, haipatikani. Akaamini mvua imemnyeshea mpenzi wake mpaka simu imelowa. Akafunga kibanda, akadandia lori la ndizi kwenda Muyinga, na bati, misumari na debe la lami.

Swabra aliporudi kutoka sokoni alikuta viatu vya kiume mlangoni, na shangazi yake Kulthumu ametazama juu.

"Nani huyo juu ya nyumba yetu?"

"Kaulizia nyumba yako mtaa mzima. Anasema ni fundi wako."

"Swabra!" Uthmani aliita kutoka kwenye paa, shati limelowa jasho. "Hii bati iko sawa kabisa! Michirizi iko wapi?"

Swabra akaelewa. Akakaa chini vumbini na dera lake safi, akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Kisha kicheko kikakatika, maana sasa ilibidi aseme.

"Shuka."

Akashuka. Shangazi akakumbuka ana sufuria jikoni.

"Siyo ya nyumba, Uthmani. Ni ya tumbo langu, tangu niwabebe mapacha. Niliogopa ukiiona utaniacha."

"Verjetiri?"

"Ndiyo."

Uthmani akalitazama debe la lami. "Na mi nikasema tunatupa yote!" Akashika kichwa. "Nisamehe, Swabra." Halafu akasema bila mzaha, "Watoto wawili walikaa humo. Mi nimekuja kuwa baba yao. Nitakimbia mahali walipotoka?"

Swabra akajifuta macho. "Hutaki kuona kwanza?"

"Ndoa kwanza. We naye!"

Walifunga ndoa Muyinga, wakahamia Gitega na mapacha. Asubuhi moja, watoto wakicheza uani, Uthmani alikuwa anapekua kapu la mkewe.

"Chupa yenye kizibo yangu iko wapi?"

"Ya nini? Si ulisema alama hazikusumbui?"

"Hazisumbui. Lakini nilitaka kupaka mi mwenyewe." Akanyoosha viganja vyake vyenye sugu. "Hii mikono inashika bati tu kila siku. Ihurumie."

Swabra akacheka, akaitoa chupa chini ya mto. Akafunga mlango. Pazia akalivuta pembeni, jua liingie.