Kovu la Mgongoni mwa Chapuchapu

Kila jioni baada ya shule, Chapuchapu aliwapelekea wateja nguo alizoshona mama yake. Jina hilo la utani alipewa na mafundi wa kibanda cha kushonea cha mama, maana ukimtuma amekwisha rudi. Lakini muhula ule alianza kuburuta mguu wa kushoto, na siku moja alirudi na kandambili moja.

"Nyingine umemwachia nani?" mama akamtania.

Chapuchapu akatazama chini, akashtuka. Hakuhisi ilipomtoka mguu wa kushoto. Mama aliacha kucheka, na kesho yake walikwenda hospitali.

Daktari alimpima mguu, kisha akamkagua mgongo. "Kovu hili ni la nini?"

"La maji ya moto," Chapuchapu akadakia. "Shangazi alinimwagia nikiwa mchanga." Ndivyo alivyoambiwa tangu apate akili. Ndiyo maana shangazi akija kwao, yeye hutoka, na zawadi zake hazigusi.

Daktari akamgeukia mama. "Mama, mtu akiungua hapati kovu lililonyooka hivi. Huyu alipasuliwa. Niambie ukweli, nijue ninachotibu."

Mama akainamisha kichwa. "Alizaliwa na mgongo wazi, daktari, madaktari wakauziba angali kichanga. Niliogopa maneno ya watu. Wifi yangu akakubali tumsingizie yeye."

Chapuchapu alijiona mjinga. Mwili ni wake, kovu ni lake, halafu habari zake wanazo wengine!

"Miaka yote hii, mama? Ukaniacha nimchukie shangazi bure?" Akauchomoa mkono wake kutoka mkononi mwa mama, akalia kwa uchungu.

Picha alizopigwa mgongo zilionyesha uvimbe wa mishipa ya damu, umebana neva ndani ya uti wa mgongo, karibu na lile kovu.

"Ni nadra sana, hata kwa watoto waliozaliwa na mgongo wazi," daktari alieleza. "Hakuna wa kulaumiwa kwa uvimbe. Ila tukichelewa, mguu utapooza."

Alifanyiwa upasuaji wiki ileile. Wodini, mama alipomletea uji, Chapuchapu aligeukia ukutani. Shangazi alipoingia, alimgeukia.

"Shikamoo, shangazi. Kwa nini ulikubali kusingiziwa?"

"Marahaba, mwanangu. Nilimhurumia mama yako. Sikujua kwamba anayeumia ni wewe."

Mama alikuwa amekaa mwisho wa kitanda, akimfunika miguu huku machozi yakimtoka. "Nisamehe, mwanangu," akasema.

Chapuchapu bado alikuwa na hasira, na hakuificha. Kisha akasema, "Mama, mikono yako ina baridi."

Mama akatazama alipokuwa ameshika. Ulikuwa mguu wa kushoto, ule uliokuwa umekufa ganzi.

Shangazi akakaa, akawashika wote wawili. "Angejua alivyozaliwa, angetuambia mguu ulipoanza kufa ganzi, na tusingechelewa kumleta hospitali. Tulidhani tunamlinda, kumbe nusura tumlemaze. Mtoto aambiwe ukweli kuhusu mwili wake, hata kama wakubwa tunaona aibu."