Maji ya Kuchemshia Koleo

Sufuria ilikuwa ya baridi. Yudith aliigusa ubavuni kwa kiganja, akainua kifuniko, akazitazama koleo za kung'olea meno zimelala ndani ya maji yaliyotulia tuli. Saa tatu asubuhi, wagonjwa wawili wameshakaa kwenye benchi wameshika mashavu, na jiko hata halijawashwa.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Kila mstaafu mwenye ujuzi wake alikuwa anafungua kitu: huyu duka la dawa, yule maabara. Daktari Jamaldini alifungua kliniki ya meno Nkuhungu, katika vyumba viwili vya mbele vya nyumba ya marehemu baba yake. Yudith alitumwa na ofisi ya afya kuangalia kama watu wanang'olewa meno kwa usalama, na kazi hiyo aliiweza kupita kiasi. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, mume alishaondoka zamani, mtoto hakujaaliwa. Mtu asiyesubiriwa nyumbani hukagua hadi chini ya mkeka.

"Daktari, vyombo hivi hujachemsha."

"Nimechemsha jana jioni, mama. Dakika ishirini na tano kamili."

"Sasa maji ya jana yanafanya nini humu mpaka leo?"

"Huwa tunayaacha yapoe kabisa, ndiyo tunamwaga."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo angesema. Lakini Jamaldini alikuwa amevaa koti jeupe, amesoma, na mbele yake amesimama mtu wa serikali na fomu mkononi. Aliona haya. "Mazoea tu, mama," alisema.

"Mazoea," Yudith akaandika, tena akapiga mstari chini yake. "Chemsha upya. Nikiona."

Jiko la mafuta ya taa likawashwa. Yudith alisimama na saa yake dakika ishirini nzima, maji yakitokota, mvuke ukipanda darini. Daktari alipomaliza kuzitoa koleo kwa kibano, mkaguzi alitaka kuona chini ya sufuria, maana maji ya Dodoma yana chumvi, huacha ukoko mweupe, na ukoko huficha uchafu. Hakusubiri kusaidiwa. Alishika sufuria kwa kitambaa, akatoka mlango wa nyuma, akayamwaga yote chini ya ukuta penye kivuli.

"Mama, ngoja kwanza!"

Ardhi ilichachatika kama inavyochachatika ikipata maji ya moto. Kisha mtoto akalia. Kilio kimoja tu, kifupi, cha mtoto aliyekosa pumzi ya kuendelea. Ikafuata harufu ya nywele zilizoungua.

"Kuna mtoto hapa nyuma?"

Jamaldini alikuwa amemfuata mpaka mlangoni. "Nyumba hii haina mtoto, mama," alijibu kwa sauti ya chini.

Sufuria ilikuwa safi. Yudith aliipitisha kliniki, akasaini, akaenda zake.

Jioni ile alipofungua mlango wa nyumba yake Ipagala, ile harufu ilikuwa imefika kabla yake. Na katika chumba cha pili, alichowekea magunia ya uwele tu, kulikuwa na mtoto anagugumia. Alifungua, hakuona mtu. Alifunga, kilio kikaanza tena. Alijiambia ni watoto wa jirani, akakumbuka kwamba jirani walishahamia Mtera tangu mwezi uliopita.

Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu, Jumamosi, saa saba mchana, jua likiwaka na upepo umekufa kabisa, alijilaza kidogo, na alipogeuka upande wa ukutani mkono wake ukaangukia mahali palipobonyea kwenye godoro, pafupi, upana wa mtoto wa miaka minne hivi, pana joto kama paji la uso la mwenye homa, na alipokuwa anauvuta mkono wake polepole asithubutu hata kumeza mate, pale palipobonyea pakasogea, pakamfuata, pakamwegemea ubavuni, pakaanza kulia. Alitoka nje bila viatu, akashika njia ya Nkuhungu.

Mama yake Jamaldini, Bi Kuluthumu, alikuwa amekaa mkekani kwenye chumba cha uani, nyuma ya kliniki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja naye au umemwacha kwako?"

Yudith alikaa chini bila kukaribishwa.

"Hao wa nyuma ya ukuta tumekaa nao tangu babu zetu wanashusha mizigo ya misafara hapa," bibi alinong'ona. "Maji ya moto hatumwagi chini bila bismillahi na kuwaomba watupishe. Na tukiweza, twayaacha yapoe. Huyu msomi wangu kaona haya kukwambia. Umemuunguza mtoto wa watu."

"Sikujua, bibi. Haki ya Mungu sikujua."

"Wanajua hukujua, ndiyo maana uko mzima. Lakini aliyeunguza ndiye hupoza. Jioni saba mfululizo umwekee beseni la maji baridi, utie marashi. Jioni ya saba ufungue mlango, umwambie: nenda kwa mama yako. Mama yake atakuja kumpokea."

"Basi?"

"Basi. Ila atakuita. Usimwitikie. Ukimwitikia umemchukua, na mama yake hatakuwa tena na njia ya kumfikia." Bibi alimshika mkono. "Mama wa watu hali wala halali, mwanangu. Namsikia hapa ukutani."

Kwa hiyo Yudith, aliyeimba kwaya Jumapili asubuhi, Jumapili jioni alitia marashi kwenye beseni. Kulipokucha maji yalikuwa ya vuguvugu. Jioni ya pili kilio kilipungua. Ya nne hakikusikika. Mtoto alikuwa anaguna wimbo usio na maneno, na Yudith alijikuta amesimama mlangoni anausikiliza, chakula kinaungua jikoni.

Akaanza kuwahi nyumbani. Kazini Generosa, karani wao, alimtania: "Dada Yudith, siku hizi saa tisa na nusu huonekani. Umepata mchumba nini?" Yudith alicheka mpaka Generosa akashangaa. Siku hiyo alipita sokoni akanunua kikombe kidogo cha bati.

Jioni ya sita lile joto lilipanda kitandani lenyewe, likalala mkononi mwake. Hakuuondoa mkono. Aliogopa na alifurahi, na hiyo furaha ilimtisha kuliko kilichokuwa kitandani.

Jioni ya saba alifungua mlango. Upepo ulikuwa umebeba vumbi jekundu, na kwenye ua wa minyaa palikuwa na mahali vumbi halipiti, linazunguka, urefu wa mtu mzima. Hapo paliita sauti ya mwanamke. Lugha hakuijua, lakini hakuhitaji mkalimani. Kila mama huita hivyo jua likizama. Sauti ilikuwa imechakaa kwa kuita.

Yudith alifungua kinywa kusema alichofundishwa. Nyuma yake mkono mdogo ukamshika vidole viwili, ngozi yake ina makovu mapya, laini.

"Mama," ikasema sauti, kwa Kiswahili safi.

Nje yule mwanamke akanyamaza ghafla, kisha akaja, vumbi likipasuka mbele yake, akafika kwenye ngazi, akaanza kusema haraka haraka, akisihi, akirudia neno moja ambalo huenda ndilo jina la mwanawe, na Yudith alijua kabisa anachoombwa, alijua kama anavyojua njaa, na alijua pia kwamba akisema yale maneno manne chumba kitapoa, na kesho atarudi kwenye nyumba ambayo hakuna mtu atakayemwita chochote mpaka afe.

"Bee, mwanangu," akaitika.

Akafunga mlango, akasukuma komeo.

Kucha zilianza kukwaruza ubao kwa chini, bila nguvu, kama za mtu aliyepiga magoti. Yudith alikwenda mezani akawasha redio, akaongeza sauti mpaka mwisho, mtoto asimsikie.