Uzi Mweusi wa Fundi Spoku

Jumanne ile ilianza kama siku nyingine yoyote: jua, vumbi, na Fundi Spoku akilaani wezi. Alikuwa amesimama mbele ya kibanda chake cha kutengeneza baiskeli, mkononi ana mnyororo uliokatwa katikati, na mteja amemkodolea macho.

"Baiskeli yangu iko wapi?"

"Ilikuwa hapa hapa, bwana. Na kufuli mbili juu yake."

"Mimi sikukuachia kufuli. Nilikuachia baiskeli."

Ilikuwa ya tatu mwezi huo. Spoku alishajaribu kila kitu: minyororo, kufuli, hata mbwa wa kuazima aliyelala fofofo mwizi akimruka. Alikuwa amechoka, amechoka kabisa. Mwenye kiwanja naye alishamwambia bila kumung'unya maneno: ikipotea ya nne, kibanda kinavunjwa. Na kibanda kile ndicho kilichokuwa kinalisha nyumba yake.

Basi mchana akafunga kazi, akaenda kwa mganga wa ng'ambo ya reli. Alikuta mzee mkavu, hana vibuyu wala mbwembwe, anashona kandambili yake. Mzee akampa kibunda cha uzi mweusi.

"Funga kila baiskeli. Kitu kisicho cha halali kikishikwa, mkono hautoki." Kisha akamtazama. "Na kilichomo kibandani mwako, chote kina halali yake?"

Spoku akapanda mori. "Mzee, nimeibiwa mimi, halafu nihojiwe mimi?"

"Nimeuliza tu," mzee akasema, akarudia kandambili yake.

Haki isemwe hapa. Spoku hakuwa mwizi, na ungemwita hivyo mngeshikana mashati. Ila alikuwa na kale kamchezo ka mafundi: mteja akileta baiskeli yenye kifaa kizuri, kifaa kinashuka kimyakimya, kinapanda kikuukuu kilichosuguliwa kikang'aa. Kwake huo haukuwa wizi, ulikuwa ujanja wa kazi. Kwa vifaa hivyo alikuwa amemuundia binti yake baiskeli, maana shule ilikuwa mbali na miguu ya mtoto ilikuwa malengelenge matupu. Akafunga uzi kwenye baiskeli zote, na hiyo pia.

Alhamisi, saa saba mchana, binti akapita kibandani kuichukua. Akashika usukani kwa mkono wa kulia.

"Baba."

"Nini tena? Huoni nina kazi?"

"Mkono hautoki."

Akadhani ni utani. Akauvuta. Akapaka grisi, akamwaga maji ya sabuni, akavuta tena mpaka mtoto akapiga yowe. Vidole vilikuwa vimekaza kwenye chuma, na vilikuwa vya baridi. Jua lote lile, vidole baridi.

Spoku akakata uzi kwa kisu. Wapi! Akajua, hata kabla hajakubali kujua. Akafungua kiti: cha mwalimu. Akafungua pedeli: za muuza maziwa. Tairi zote mbili: za fundi cherehani. Akakimbia navyo nyumba hadi nyumba. "Nisamehe, hiki ni chako." Mwalimu akamtukana. Muuza maziwa akamzaba kibao. Akarudi jasho likimtiririka, akang'oa fremu aliyoinunua kwa haki, mtoto akabaki na usukani peke yake.

Mkono haukutoka.

Mkewe alikuwa amefika, amemkumbatia binti. "Na huu usukani wa nani?"

"Sikumbuki."

"Kumbuka, we mwanamume! Mtoto anakwisha!"

Kweli, ubaridi ulikuwa umefika kwenye kiwiko. Binti alikuwa ameacha kulia. Akanong'ona bila kugeuza shingo.

"Baba. Kuna mtu amenishika."

"Nani? Wapi?"

"Mkono wake uko juu ya wangu."

Hawakuona mtu. Lakini ngozi ya mtoto, mgongoni mwa mkono, ilikuwa imebonyea. Mahali panne. Upana wa vidole vya mtu mzima.

Hapo Spoku akakumbuka. Mwashi. Mwashi aliyegongwa na lori. Mjane wake alileta ile baiskeli imepinda, akasema itengenezwe, ni kumbukumbu. Spoku aliitengeneza, akaubakiza usukani, akampa wa kikuukuu. Mama wa watu alishukuru sana.

Walikwenda kwake mbio, binti katikati. Mjane alikuwa anaanika nguo. Spoku akaanza kujieleza. Mjane hakumsikiliza. Alikuwa anautazama usukani.

"Siku ile barabarani aliung'ang'ania," akasema polepole. "Wanaume wanne walishindwa kumtoa. Ilibidi niitwe mimi."

Akapiga magoti. Akaweka midomo karibu na mkono wa mtoto.

"Achia, baba watoto. Umefika nyumbani."

Kidole kimoja kikafunguka. Cha pili. Cha tatu. Usukani ukaanguka chini, na hakuna aliyethubutu kuuokota ila mjane mwenyewe.

Spoku akaacha kale kamchezo siku ile ile. Baiskeli nyingine haikuibwa tena kibandani, na hilo halikumfurahisha hata kidogo, maana alikuwa ameona uzi ule unavyofanya kazi. Binti amekua sasa, ana nyumba yake na watoto wake. Zile alama nne hazikufutika. Huwa zimefifia tu, lakini kikiingia nyumbani mwake kitu kisicho cha halali, hata kalamu ya jirani, zinakuwa nyekundu na mkono unapoa.

Juzi baba yake alikwenda kumsalimia, mikono mitupu. Alipovuka tu kizingiti, zikawa nyekundu. Spoku ameapa mbele ya wajukuu kwamba hana cha mtu. Wamempekua mifuko, wamepekua nyumba nzima, wameinua mpaka magodoro. Hawajakiona, na mkono bado ni wa baridi.