Ndege Mwenye Mdomo wa Kiatu

Maneno ya wauza samaki wa Murangi yalikuwa yamemganda Mbuke kama kupe: eti ndani ya matete ametua ndege mkubwa wa kijivu, mdomo kama kiatu, na mama atakayemwona atazika mtoto. Basi Bhoke, bintiye aliyekuwa chuo cha ualimu, aliposema anakwenda kumchora, Mbuke hakubishana. Alikaza kanga kiunoni, akatangulia mtumbwini.

"Mama, unamlinda ndege au mimi?"

"Sukuma upondo. Nilikuambiaga mdomo hauendeshi mtumbwi."

Kasia waliliacha nyumbani. Walikuwa na mwaka mmoja tu ziwani, tangu kijiji cha ujamaa kiwatoe kwenye pamba. Walichojua ni kwamba matetani maji hayapiti kiuno. Wakafunga mtumbwi kwenye matete.

Ndege alikuwepo, tuli kama aliyesahau njia. Bhoke akaweka karatasi kwenye ubao, akaandika tarehe na saa, akachora mdomo, kishungi, vidole virefu.

"Bwana nyama, yule ofisa wa wanyamapori, alinicheka nilipomweleza. Eti nimeona korongo."

Mbuke alikuwa akitazama pwani. "Bhoke. Lile jabali si lilikuwa kulia kwetu?"

Matete yalikuwa yamekatika pamoja na mizizi yake, yakielea. Upepo wa nchi kavu ulikuwa ukiyapeleka ziwani, na mtumbwi umefungwa humo humo. Bhoke akashusha upondo. Ukazama wote, na mkono hadi kwapani. Haukugusa kitu. Mawimbi yakaanza kumwagika ndani. Mbuke akachota maji kwa kibuyu, anachota, anamwaga, mabega yanawaka.

Ndege akaruka. Akatua mbali, kwenye maji meupe, akasimama.

"Mama, angalia miguu! Maji yanamfika magotini tu. Pale pana mchanga."

Mbuke akaacha kuchota. Kumfuata ndege yule yule? Akamtazama mtoto, akatazama maji yaliyozidi kuwa meusi.

"Fungua kamba. Lete huo ubao wa kuchorea, tuufanye kasia."

"Na picha yangu?"

"Nitaivaa kichwani."

Akaifunga karatasi ndani ya kitambaa chake. Wakapokezana ubao, huyu akipiga, huyu akichota. Jua lilikuwa limeinama upondo ulipogota.

"Umegusa," Bhoke akasema, akaanza kulia.

"Lia huku unasukuma, mwanangu."

Wiki iliyofuata, huko Bunda, bwana nyama aligeuza ile karatasi yenye mikunjo na harufu ya jasho. Hakucheka. Aliuliza tu kama yupo shahidi. Mbuke, aliyeishia darasa la nne, akaomba kalamu, akaandika polepole chini ya picha: *Mimi mama yake nimemwona huyu ndege. Mtoto wangu ni mzima.*

Kwa wanaoishi karibu na ziwa:

Usiingie matetani bila kasia, hata maji yawe ya kiuno.

Usifunge mtumbwi kwenye matete. Tafuta jiwe au mti.

Usikae bila kutazama alama ya pwani.

Usiende bila kibuyu cha kuchotea maji.

Usimzuie mtoto kazi yake kwa maneno ya sokoni. Wala usimwache aende peke yake.