Matairi Manne ya Barabara ya Roccaspina

Siku za mzee Gaetano kusafishwa damu kwa mashine hospitalini, jiko la Ersilia liliwaka kabla ya kengele ya kanisa. Mzee alikunywa nusu kikombe cha kahawa tu, kwa sababu figo zake zilikuwa zimechoka na daktari alimpimia hata maji. Alikula kipande cha mkate usio na chumvi huku akiulalamikia. Kisha Ersilia alimfunga skafu shingoni, akamwingiza kwenye gari, wakashuka mlima.

Gari lilikuwa dogo, la rangi ya maziwa, nao walikuwa wamelinunua likiwa limeshatumika. Mara tatu kwa wiki liliwatoa kijijini Roccaspina na kuwapeleka Valdorsa, mji wa bondeni wenye hospitali. Barabara ilikuwa nyembamba, kona juu ya kona. Upande mmoja kulikuwa na mwamba. Upande wa pili kulikuwa na ukuta mfupi wa mawe, na nyuma ya ukuta huo hakukuwa na kitu ila hewa.

Gaetano alikuwa baba wa Donato, mume wa Ersilia. Alikuwa amechunga kondoo tangu utotoni, na kila jiwe la mlima ule alilijua. Ersilia alimwita baba. Yeye alimwita mwanangu.

Asubuhi moja ya Novemba mvua nyepesi ilikuwa ikinyesha. Theluji haikuwa imeanguka bado. Barafu pia haikuwepo. Ersilia aliendesha polepole kama kawaida yake. Alipopinda kona moja, akakuta lori la kuni limesimama katikati ya njia. Akakanyaga breki.

Gari halikusimama.

Liliteleza taratibu, bila kelele, kama sabuni kwenye sinia. Ersilia alikata usukani kushoto, lakini gari likaendelea kwenda kulia. Alishangaa jinsi kitu chenye uzito ule kilivyoweza kuondoka mikononi mwake kwa upole namna ile. Ubavu wa gari ukagonga ukuta mfupi, ukakwaruza mawe, na hapo likatulia. Upande wa mzee, dirisha lilitazama bonde lililo wazi.

"Umeumia?" Gaetano aliuliza.

"Hapana, baba. Na wewe?"

"Mimi sijambo. Ila nimeona Valdorsa yote, mpaka nguo zilizoanikwa."

Ersilia alicheka kidogo, kisha akavuta breki ya mkono.

Jioni ile walikula supu ya dengu. Donato, ambaye alikuwa mwashi, alikuwa ameutazama ukuta ule na gari lile, na sura yake haikuwa nzuri. Mwishowe alisema kwamba labda baba akakae kwenye nyumba ya wazee kule Valdorsa mpaka majira ya kuchipua. Iko karibu na hospitali. Hatalazimika kupita barabara ile.

Gaetano aliweka kijiko mezani. "Mkisema niende, nitakwenda," alisema. "Lakini wote niliowaona wakiingia pale na mifuko yao, sijamwona hata mmoja akirudi kwake."

Donato aliinamisha kichwa. Naye hakulipenda wazo lake mwenyewe.

"Kwanza tujue kwa nini gari liliteleza," Ersilia alisema. "Nilikuwa nakwenda polepole. Barabara haikuwa na theluji. Kuna kitu hatukijui."

Donato akasema kitu chenyewe ni matairi, hilo halina siri. Binamu yake Remo alikuwa na matairi ya theluji ghalani na angeyauza kwa bei ya kutupa. Wangenunua mawili tu, wayafunge mbele, kwa kuwa magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta gari. Kununua mapya manne hawakuweza kufikiria. Fedha walizokuwa nazo zilikuwa za kurekebisha paa la banda la mbuzi.

Jumamosi wakashuka kwa Bi Palmira, wakiwa na matairi ya Remo nyuma ya gari. Donato ndiye aliyeshika usukani, na aliendesha kwa mwendo wa mtu aliyebeba mayai. Gaetano alikataa kubaki nyumbani. Alisema kama watu wanajadili mahali atakapolala, naye atakuwepo.

Bi Palmira alikuwa na duka la matairi jirani na tanuri la mkate. Kabla ya hapo alikuwa amewaendesha watoto wa shule kwenye barabara ileile ya mlimani kwa miaka mingi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini, na mikono yake ilinuka mpira siku zote. Alisikiliza habari yote bila kukatiza. Kisha akabonyeza tairi la zamani la gari kwa kidole gumba.

"Guseni hapa," alisema.

Ersilia akagusa. Lilikuwa gumu kama kwato.

Bi Palmira alieleza kwamba matairi yale yalikuwa ya kiangazi. Mpira wake umetengenezwa kwa ajili ya lami yenye joto. Baridi ikianza kukaza, hata kabla maji hayajaganda, mpira wa namna hiyo hukakamaa na hushindwa kuishika barabara. Kwa hiyo mvua ya kawaida ya Novemba ilitosha kuwatelezesha. Tena meno yake yalikuwa yamelika karibu kwisha, na maji hayakuwa na njia ya kutokea chini ya gurudumu.

Ersilia alilibonyeza tena lile tairi. Siku zote zile alikuwa ameamini kwamba kosa lilikuwa la miguu yake.

Halafu Bi Palmira akayapindua matairi ya Remo. Meno yake yalikuwa marefu, na Donato aliyaonyesha kwa fahari. Bi Palmira akapangusa vumbi ubavuni na kumwonyesha tarakimu nne ndani ya duara jembamba. Mbili za kwanza ni wiki, alisema, na mbili za mwisho ni mwaka tairi lilipotengenezwa.

Donato akasoma. Akahesabu miaka kwa vidole.

"Mlifunga ndoa mwaka gani?" Bi Palmira aliuliza.

"Mwaka huohuo," Ersilia alijibu.

"Basi haya na ndoa yenu ni rika moja. Tazameni nyufa hizi. Meno yapo, lakini mpira umekufa."

"Ndoa yetu haina nyufa," Donato alisema.

"Ndoa yenu haikulala ghalani," Bi Palmira alimjibu. Hata Donato akacheka.

Lakini hakuacha shauri lake la matairi mawili. Bi Palmira akamwambia kwamba mbele itashika na nyuma itateleza, na kwenye kona mkia wa gari utataka kukitangulia kichwa. Yote manne lazima yawe ya aina moja.

"Umewahi kuona kondoo anayeshuka mteremko kwa miguu ya mbele tu?" alimuuliza.

"Mimi nimemwona," Gaetano alisema kutoka kwenye kiti chake. "Tulimla."

Baada ya hapo Bi Palmira alifanya jambo ambalo Ersilia hakulitarajia. Aliinua gari kwa jeki na kupaka tairi moja chaki yenye maji. Akaweka kipande cha boksi sakafuni. Akalishusha gari mpaka gurudumu likalala juu ya boksi, kisha akaliinua tena na kuchomoa lile boksi.

Palikuwa na alama nyeupe, yenye mistari, na haikufika ukubwa wa daftari la shule.

"Hapa ndipo tairi linapogusa dunia," alisema. "Kwingine kote ni hewa."

Gaetano aliomba aletewe lile boksi. Akaweka kiganja chake kipana juu ya alama, na kiganja kikaifunika karibu yote. Ersilia alikuwa akikitazama kile kiganja. Aliwaza juu ya mzee, na yeye mwenyewe, na injini, na milango, na kona zote zile, na uzito wote ule uliokuwa umeshikiliwa na viganja vinne vya mpira. Miaka yote alikuwa amepita kando ya bonde lile akiwaza bei ya unga.

"Basi viwe viganja vizuri," Gaetano alisema mwishowe, akamrudishia Bi Palmira boksi.

Sasa hata Donato aliuliza kwa sauti nyingine. Aliuliza mtu asiye na fedha nyingi anunue nini.

Bi Palmira alisema wenye fedha hununua seti mbili, moja ya kiangazi na moja ya baridi, na hulipa fundi kuzibadilisha kila msimu. Kwa gari dogo, linalokwenda polepole, katika sehemu ambayo theluji huja na kuondoka, seti moja ya matairi ya misimu yote inatosha. Mpira wake hubaki laini kwenye baridi na hauyeyuki kwenye joto. Wakati wa kiangazi tairi la namna hii halishindi tairi la kiangazi, na kwenye barafu halishindi tairi la baridi, lakini linafanya kazi zote mbili kwa uaminifu. Na gari dogo lina bahati yake, kwa sababu matairi membamba ni ya bei nafuu.

Akatoa matairi matatu na kuyasimamisha ukutani. La kwanza lilikuwa la bei ya chini kabisa, na ubavuni lilikuwa na herufi M na S peke yake. Alisema herufi hizo kiwanda hujiandikia chenyewe, bila jaribio lolote. Akamwonyesha Ersilia alama aliyotaka waitafute siku zote: mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Alama hiyo maana yake tairi limejaribiwa kwenye theluji likafaulu. Tairi la pili na la tatu yalikuwa nayo. La tatu lilikuwa la bei kubwa, zuri kwa watu wanaokimbia kwenye barabara kuu.

"Ninyi hamkimbii," alisema. "Chukueni la katikati."

Alimfundisha Ersilia kusoma namba za ukubwa ubavuni mwa tairi na kuzilinganisha na kibandiko kilicho kwenye mlango wa gari, ili asije akauziwa tairi lisilo lake au lisiloweza kubeba uzito wa gari. Alimwambia apime upepo asubuhi, gari likiwa bado halijatembea, kwa sababu baridi hupunguza upepo. Alimwambia arudi baada ya miezi kadhaa ili ya mbele yahamie nyuma, yapate kulika sawasawa. Mwisho akamwambia aweke ndani ya gari minyororo ya kufunga kwenye magurudumu, kwa maana ipo siku ya barafu ambayo hakuna tairi linaloiweza, na siku kama hiyo, kama hospitali inaruhusu, mtu angoje nyumbani.

Donato aliwatazama baba yake na mkewe. Kisha akasema paa la banda linaweza kusubiri, maana mbuzi hawajalalamika.

Theluji ya kwanza ilianguka Desemba. Siku hiyo Ersilia alitoka nje na kuligusa kila tairi kwa kidole gumba. Mpira ulibonyea. Akasogeza gari hatua chache, akashuka, akatazama nyuma. Tairi lilikuwa limechora theluji kwa mistari midogo midogo, safi kama kazi ya sindano. Bi Palmira alikuwa amemwambia kwamba mikato midogo iliyo kwenye meno ya tairi hukamata theluji na kuibana, kwa sababu hakuna kinachoishika theluji vizuri kama theluji yenyewe. Aliposikia maneno yale dukani hakuyaelewa. Sasa aliyaona yameandikwa chini.

Majira yale yote ya baridi Gaetano alilala kitandani kwake. Siku mbili njia iliganda na kuwa kioo. Siku moja walifunga minyororo, na siku nyingine walipiga simu hospitali, wakapangiwa kesho yake. Siku nyingine zote walishuka na kupanda. Ersilia hakuacha kwenda polepole, na hakuacha kuweka nafasi kubwa kati yake na gari la mbele. Majirani walianza kuja kuuliza ule mlima wenye vilele vitatu unatafutwa wapi, naye aliwachuchumaza kando ya gurudumu na kuwaonyesha. Remo naye alikuja. Akarudi nyumbani na kupanda maua ndani ya matairi yake.

Lakini asubuhi ambayo Ersilia huikumbuka zaidi ni moja ya Februari. Theluji ilikuwa imeanguka tangu alfajiri, na misonobari yote ilikuwa imeinama. Walikuwa katikati ya mteremko, mahali ambapo msitu ulifika pande zote mbili za barabara. Ghafla kulungu mkubwa alitoka msituni na kuingia barabarani.

Ersilia alikanyaga breki. Aliusikia mguu wake ukingoja ule utelezi wa Novemba. Haukuja. Chini yake theluji ilikoroma, gari likapunguza mwendo, likanyooka, likasimama. Usukani ulikuwa bado wake.

Nyuma ya yule dume walifuata majike, mmoja mmoja, mvuke ukiwatoka puani, na migongo yao imejaa theluji. Hawakukimbia. Walipita mbele ya gari dogo karibu sana, hata Ersilia aliona kope za macho yao. Waliendelea kutoka msituni mpaka ilionekana kama mlima wenyewe ndio unahama. Ndama wa mwisho alisimama, akawatazama wale wawili nyuma ya kioo, kisha akaruka na kuwafuata wenzake upande wa pili.

Gaetano alikuwa amevua kofia yake.

"Nimechunga hapa maisha yangu yote," alisema kwa sauti ndogo. "Sikuwahi kuwaona karibu hivi. Mbwa walikuwa wakiwafukuza."

Barabara mbele yao ilikuwa imejaa nyayo, na theluji mpya ilikuwa imeanza kuzifunika.

Mzee alivaa kofia yake na kuishusha mpaka masikioni.

"Haya, mwanangu, twende," alisema. "Mashine inaningoja."

Ersilia akaachia breki taratibu, na gari likashuka.