Kimya cha Nyumba Hii

Kijiko kilizunguka ndani ya kikombe, sukari ikayeyuka, chai ikafanya kizingia kidogo katikati, lakini kijiko hakikusikika kugonga popote. Mama, aliyekuwa upande wa pili wa meza akisahihisha mitihani, alisimamisha kalamu. Binti yake akakoroga tena, akakitoa kijiko, akakitupa juu ya kisahani kwa namna ile ile aliyokuwa akikemewa tangu utotoni. Kisahani hakikulia.

"Umekifanya nini hicho kijiko?"

"Kijiko gani, mama?"

"Basi. Kunywa chai."

Mama huyo alikuwa mhadhiri wa sheria ya ushahidi, na wanafunzi wake walimwita Bi Thibitisha: nyuma ya mgongo wake kwa hofu, na mbele yake kwa bahati mbaya. Hakuwa mtu wa kulikubali jambo kwa kuwa limesemwa, hata likisemwa na macho yake mwenyewe. Alipima. Alikuwa amechoka, tena sikio la mtu wa makamo hupoteza kwanza sauti nyembamba. Maelezo yalikuwapo, na kila moja lingetosha peke yake. Hata hivyo, binti alipoondoka, alikichukua kijiko akakigonga kwenye kikombe. Kililia kama vijiko vyote duniani.

Kila mwaka chuo kilikuwa mwenyeji wa tamasha la filamu za hali halisi, na kila mwaka kazi ya Bi Thibitisha ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna uso wala sauti ya mtu inayoonyeshwa ukumbini bila ridhaa ya mwenyewe. Watengenezaji walimwogopa kuliko walivyowaogopa waamuzi. Aliwahi kuizuia filamu nzima kwa sababu ya mlinzi aliyepita nyuma akipiga mwayo. Mwaka huu binti yake wa pekee, mwanafunzi wa filamu, alikuwa ameleta ya kwake, nayo ikapangiwa siku ya kufunga. Ilihusu nyumba ya kupanga iliyohamwa ghafla: sufuria mekoni, nguo kambani, kitanda cha mtoto kimetandikwa, na hakuna mpangaji aliyekubali kurudi kuchukua hata kijiti cha kiberiti. Mwenye nyumba aliishi mbali. Aliitoa ruhusa kwa simu, tena kwa furaha.

Kwa kuwa mhusika alikuwa damu yake, Bi Thibitisha alimtaka Mratibu wa tamasha akae naye wakati wa ukaguzi, asije akasemwa.

"Na hao waliohama?" aliuliza.

"Hawamo, mama. Ni nyumba tupu," binti alijibu. "Au unataka niiombe ridhaa sufuria?"

Mratibu alicheka hadi akavua miwani. Bi Thibitisha naye alicheka, kisha akatamka uamuzi wake kwa sauti ya darasani: "Pasipo mtu, hapadaiwi ridhaa." Filamu ikapita.

Binti huyo aliitwa Kasuku, nyumbani hata chuoni, maana tangu alipojua kusema hakuwahi kupumzika. Alisimulia ndoto zake akipiga mswaki. Aligombana na redio. Kwa hiyo kilipoanza kupungua kitu ndani ya nyumba, mama alikihisi kabla ya kukijua. Kandambili za Kasuku ziliacha kupiga sakafu. Mlango wa bafu, uliokuwa ukilia miaka yote kama mbuzi, ulinyamaza kila alipoufungua yeye, ukalia tena alipoufungua mwingine. Alicheka kitu kwenye simu yake, mabega yakatikisika, meno yakaonekana, na hapakusikika kicheko.

Wa kwanza kulisema alikuwa mama mdogo, mdogo wake Bi Thibitisha, aliyekuja kusalimia.

"Dada, mwanao amejifunza kunyata? Nimegeuka nikamkuta yuko mgongoni kwangu. Roho imenitoka ikaenda ikarudi."

"Amevaa soksi."

"Ana viatu vya kisigino, dada."

Walimpeleka kwa daktari wa koo, kwa kuwa sasa hata maneno yake yalikuwa yakitoka membamba, kama yanayopita chini ya mlango. Daktari alimmulika, akampiga picha, akasema koo ni zima kabisa. Bi Thibitisha aliliweka jibu hilo upande wa faraja. Mama mdogo aliliweka upande mwingine, na bila kumwomba mtu ruhusa akamleta mganga.

Mganga hakuja na ngoma wala ubani. Alikuwa mtu mfupi mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na alikaa ukingoni mwa kiti kama anayesubiri kuitwa kwenye usaili. Aliuliza maswali machache, kisha akataka kusikia sauti zilizonaswa katika nyumba ile. Kasuku alifungua kompyuta yake. Zikasikika hatua, mpiga picha akilalamikia vumbi, halafu sauti ya Kasuku ya zamani, pana na yenye uhai, hata mama yake akajikuta ameshika kifua:

"Jamani, naomba kimya cha nyumba hii."

Kisha hapakuwa na kitu. Bi Thibitisha aliinama karibu na spika. Nyumba tupu huwa na kitu, aliwaza: bati, upepo, pumzi za walioshika kamera. Hapa hapakuwa na chochote, na ule utupu haukuwa kama wa chombo kilichozimwa. Ulikuwa kama wa mtu aliyejizuia kupumua ili asikie vizuri.

"Rudisha hapo," mganga alisema. "Mwanangu, kwa nini ulisema hivyo?"

"Ndiyo kazi yetu, babu," Kasuku alinong'ona, na ilibidi wote wasogee. "Kila mahali pana kimya chake. Tunakinasa, ili tukikata maneno ya mtu tuwe na cha kuzibia pengo. Kwanza unawaomba wenzako kimya. Halafu unataja mahali, ili mhariri asipotee: kimya cha jikoni, kimya cha nyumba. Siku ile nilikuwa nimechoka. Nikayaunganisha."

"Ukaomba kimya cha nyumba."

"Nilikuwa nawaambia wenzangu."

"Wenzako si wenye nyumba." Mganga alijifuta uso. "Nami niwe mkweli kwenu. Mimi hufukuza kinachoingia bila kuitwa. Hiki hakikuingia. Kimeombwa, kikatolewa, kikapokewa. Nitakifukuza kwa haki gani?"

Bi Thibitisha aliyekuwa ameandaa maswali ya kumbana hakupata hata moja. Ombi, utoaji, upokeaji: hayo yalikuwa mafundisho ya mwaka wa kwanza, wala hakujua kuna mahakama nyingine yanakotumika.

"Atakirudishaje?" aliuliza mama mdogo, kwa sauti ya chini.

"Kwa kinywa kile kile, mlangoni pale pale, amwambie mwenye kimya: nakurudishia kimya chako. Lakini akiwa bado na sauti ya kusemea. Na kisigawiwe watu kabla. Kikishagawiwa, si chake tena kukirudisha." Akamgeukia Bi Thibitisha. "Nawe, mama, siku utakapoamkiwa na sauti ya mwanao, mtazame mdomo kwanza. Kama si yeye, usiitikie. Hata salamu. Ukiitikia umempokea."

Kasuku alikataa kwenda kabla ya onyesho. Alieleza kwa mnong'ono na kwa mikono kwamba kimya kile amekishonea filamu nzima, kila penye mshono; ukikitoa, yote inafumuka. Mwaka mzima wa kazi. Baada ya onyesho atakwenda, asubuhi yake tu, akirudishe, hata akibusu kizingiti wakitaka. Mama yake angeweza kumburura. Alikuwa na nguvu hizo, na alikuwa na mamlaka hayo. Lakini hakuwa ameamini vya kutosha kumlazimisha, wala hakuwa ametilia shaka vya kutosha kulala. Badala yake alikwenda ofisini kwa Mratibu.

"Iondoe filamu ya Kasuku kwenye ratiba."

"Mwalimu, wageni wamekwisha fika. Nipe sababu ninayoweza kuiandika."

"Sauti ya mwanangu inakwisha."

"Pole sana. Hiyo ni sababu ya hospitali, si ya ratiba." Mratibu alishusha sauti, kwa huruma. "Na wewe mwenyewe uliipitisha mbele yangu. Nikiulizwa nimeiondoa kwa ushahidi gani, niseme nini?"

Miaka yote alikuwa amewaambia wanafunzi kwamba asiyeweza kuthibitisha na anyamaze. Akanyamaza.

Siku ya kufunga ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Mratibu alipanda jukwaani, akagonga maikrofoni kwa kidole, akasema anavyosema kila mwaka: "Mabibi na mabwana, naomba kimya." Bi Thibitisha alishtuka kama aliyechomwa sindano. Taa zikazimwa. Nyumba ile ikatokea kwenye skrini, na kwa muda ilikuwa filamu nzuri tu. Mama mtu alijiona mjinga, akajiona pia mwenye furaha kwa huo ujinga. Kisha kamera ikaingia jikoni, ikasimama mbele ya sufuria, na kimya kikaanza kutoka kwenye spika, kwa maana kwamba kilitoka kweli, kama kitu, kikashuka kama maji yanavyoshuka ngazi, safu kwa safu, na popote kilipofika feni za ukutani ziliendelea kuzunguka bila kuvuma, na mtu wa safu ya mbele aliyekuwa akikohoa aliendelea kukohoa, mabega yakiruka, mishipa ya shingo imemtoka, bila mlio wowote, na harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji ikapanda kutoka chini ya viti, na Bi Thibitisha aliponyoosha mkono gizani kuutafuta mkono wa binti yake akaupata, wa baridi na mlegevu, akaubana kwa nguvu zake zote akijua kwamba anachokiona ukumbi mzima unakiona na bado hakuna hata mmoja atakayeapa kukiona, na hapo ndipo kutoka kwenye spika zote kwa pamoja, taratibu, bila kelele, kama muuza duka anayemkabidhi mteja mzigo wake, sauti ambayo haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke ikasema:

"Haya. Chukua."

Taa ziliwaka. Watu walipiga makofi, makofi yalisikika. Mtu wa safu ya mbele alimalizia kikohozi chake. Mratibu, akipepesuka kwa furaha, alimwita mtengenezaji aje kujibu maswali, na kabla mama yake hajamzuia Kasuku alikuwa amekwisha simama mbele ya maikrofoni.

"Ulijisikiaje ndani ya nyumba ile?" aliuliza mgeni mmoja.

"Nilijisikia nimekaribishwa," ilijibu sauti ya Kasuku, pana, yenye uhai, na ukumbi ukacheka. Ilijibu swali la pili kwa mzaha, la tatu kwa hekima. Ilikuwa sauti yake bila shaka yoyote. Mama anayeijua tangu kilio cha kwanza angeiapia. Ila midomo ilikuwa ikichelewa. Neno lilitoka kwanza kwenye spika, ndipo midomo ya Kasuku ikalifuata, kama mtu anayejaribu kuimba wimbo asioujua, na macho yake, yaliyomtafuta mama yake katika kundi lile lote yakamwona, yalikuwa yakilia.

"Picha na sauti haviendani," mtu mmoja nyuma ya Bi Thibitisha alimnong'oneza mwenzake.

"Mitambo ya chuo hiyo," mwenzake alijibu.

Asubuhi walikwenda kwenye nyumba ile, mama na binti na mama mdogo. Kasuku alisimama mlangoni akafungua kinywa, akaumba maneno moja baada ya jingine kwa midomo kama alivyofundishwa. Hakuna kilichotoka. Na nyumba haikuwa na kimya cha kurudishiwa: bomba lilikuwa likidondoka, bati likitetema, ndege wakigombana darini. Ilikuwa na kelele za kawaida, kama nyumba ambayo mwenyewe amehama.

"Turudi," mama mdogo alisema, akilia. "Hayumo humu tena."

Bi Thibitisha hakuuliza yuko wapi.

Ilikuwa asubuhi nyingine, jua limeingia jikoni hadi kwenye miguu ya meza. Kasuku alisimama kwenye sinki, amempa mama yake mgongo, akiosha vyombo visivyolia. Bi Thibitisha alikuwa ameshika kikombe chake. Kutoka nyuma ya mlango wa stoo, ambako huwekwa mafagio na magunia matupu, sauti ikasema kwa adabu:

"Shikamoo, mama."

Alilitazama bega la mwanawe. Halikutikisika. Jibu lilikuwa limefika ulimini, jibu ambalo mdomo wa mzazi hulitoa bila kuuliza akili, naye akaliuma. Akajishika kwenye kanuni moja aliyokuwa nayo, aliyoifundisha tangu ujana wake na ambayo haikuwahi kumwangusha: kimya si ridhaa. Asiyejibu hajakubali. Akakaa kimya, jasho likimtiririka, akahesabu kuwa ameshinda.

"Asante, mama," ilisema sauti nyuma ya mlango. "Nimekipokea kimya chako."

Kikombe kilimponyoka. Alikiona kikifika sakafuni, kikipasuka, vipande vikitawanyika hadi chini ya jiko, chai ikiruka. Hakusikia kitu. Kasuku hakugeuka. Basi akafungua kinywa chake, akamwita mwanawe kwa nguvu zote alizobakiza mapafuni, wala yeye mwenyewe hakusikia jina lilivyotoka.

Lakini stooni lilisikika vizuri.

"Abee, mama," sauti iliitika, na kitasa kikaanza kuzunguka.